Ushindi wa Nyuzi Tisini na Nane

Sista hakuwahi kumpenda mkwewe, na hakuona sababu ya kulificha hilo. Jina la Sista lilimganda tangu alipokuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo, mumewe akiwemo. Miaka aliyoshinda kati ya vitanda ilimfundisha kumpima mtu kwa kutupa jicho mara moja tu: huyu mgonjwa kweli, huyu mvivu, huyu anatafuta kuonewa huruma. Binti yao wa pekee alipomleta mchumba nyumbani, kijana amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, anazungumza bila kituo kuhusu simu aliyoifungua mwenyewe na kuifunga mwenyewe, Sista alimtazama, akampima, akamweka kwenye kundi lake. Mikono isiyotulia.

"Kitu kikikaa salama hakimpendezi huyo," alimwambia binti yake jikoni.

Binti alicheka, akadhani ni sifa.

Kazi ya mkwe ilikuwa ya bima. Siku za kazi alikaa nyuma ya meza akiwaeleza watu kwa nini ajali zao hazilipiki. Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na kikundi cha wenzake wanaozisukuma kompyuta ziende kasi kuliko zilivyotengenezwa, kisha wanatumiana picha za tarakimu kwa simu na kupongezana kama watu waliopata watoto mapacha. Kwake mwenyewe alikwisha kuunguza mashine mbili, jambo ambalo yeye aliliita uzoefu. Sista alimpachika jina la Gigahezi, kile kipimo cha mwendo wa kompyuta asichochoka kukitaja, na ingawa alilitumia kwa siri mwanzoni, siri hiyo haikumaliza mwezi.

Mume wa Sista alikuwa karani wa mahakama. Kwa maisha yake yote ya kazi aliandika maneno ya watu wengine, ya mashahidi na ya mawakili, ya wezi na ya walioibiwa, na alipostaafu ilikuwa kama hakubakiwa na neno lake mwenyewe. Alijinunulia kompyuta ya mezani, akaiweka kwenye pembe ya sebule chini ya dirisha, akaanza kucheza nayo sataranji. Alicheza asubuhi baada ya chai, akacheza tena mchana baada ya chakula. Asubuhi alishindwa na mchana alishindwa. Sista akipita na ufagio alikuwa akimuuliza, "Imekupiga?" naye Karani akijibu bila kugeuka, "Imenipiga, lakini leo imetoka jasho."

Haikutoka jasho lolote. Mashine ilimpiga kama mama anavyompigapiga mtoto mgongoni ili alale.

Basi Jumamosi moja mkwe alikuja na binti kuwasalimu, akakaa nyuma ya Karani akitazama mchezo, miguu ikimcheza. Hakukaa sana. Alisema prosesa iliyomo humo ndani, yaani ubongo wa mashine, ina viini vinne, na kwamba kiwandani wameifunga breki makusudi. Wameipangia mwendo wa gigahezi tatu na kidogo, kumbe mtu akijua kuibembeleza inafika nne na nusu.

"Viini vinne," Sista alisema akiweka sinia la chai. "Hata yai lenye viini viwili huwa nalitazama mara mbili kabla sijalikaanga."

Mkwe alicheka kwa adabu, kisha akamweleza kwamba kila kiini kinafanya hesabu zake, kwa hiyo ni kama kuwa na makarani wanne ndani ya chumba kimoja. Mfano huo ulimpendeza Karani. Sista yeye aliuliza swali ambalo aliona hata mlevi angeliuliza: ikishaongezewa mwendo, itakuwaje? Mkwe alijibu kwamba itafikiri mbali zaidi, itauona mchezo kabla haujafika.

"Yaani mtu anapigwa kila siku, na wewe unakuja kumwongezea nguvu anayempiga?"

Mkwe alimtazama Karani. Karani alikuwa akiikoroga chai yake taratibu. "Kama ni kushindwa," alisema, "heri nishindwe na kitu cha maana."

Sista alirudi jikoni, akamwambia binti yake kwamba ameona wanaume wakiomba dawa, wakiomba maji na wakiomba waletewe wake zao, lakini mwanaume anayeomba kipigo kilichoboreshwa ndiye huyu wa kwanza.

Jumamosi iliyofuata upasuaji ulianza. Mkwe aliondoa ubavu mmoja wa kompyuta, akauegemeza ukutani, na haukurudi mahali pake tena. Aliing'oa feni ndogo iliyokaa juu ya prosesa, akakuta dawa ya zamani imekauka kama ute wa asubuhi kwenye jicho. Hapo akaomba pamba na spiriti. Sista alikuwa na sanduku lake la huduma ya kwanza alilolitunza kama mboni ya jicho, na alisimama mlangoni akitazama pamba yake nyeupe ikifuta uchafu wa kompyuta. Kisha mkwe alitoa bomba dogo la dawa ya kijivu, ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma cha kupozea, akaikamua. Alisema inatakiwa kidogo sana, kama punje ya mchele. Aliyoikamua ingetosha kupaka mkate.

"Hiyo punje ni ya mchele wa wapi?" Sista aliuliza, na hakungoja jibu.

Chuma kipya cha kupozea kilikuwa kikubwa kama tofali, na feni mbili ubavuni. Mkwe alipokwisha kukifunga aliiwasha mashine, akaingia kwenye ule ukurasa wa ndani ambao watu wa kawaida hawaufikii, akaanza kupandisha tarakimu. Alipandisha kidogo, ikawaka. Alipandisha tena, ikawaka. Alipandisha mara ya tatu, skrini ikageuka bluu na maandishi meupe, mashine ikajizima. Mkwe akasema hiyo ni kawaida, inaomba volti. Akaiongeza volti. Ikawaka tena, halafu bluu tena. Mchana kutwa ilikuwa hivyo, inawaka na kuzimia, inawaka na kuzimia, na Karani amekaa pembeni na kitambaa cha miwani mkononi kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji.

Mwishowe ilikubali. Mkwe aliiwekea programu ya kuitesa, maana ndivyo alivyoiita, inayovipa viini vyote vinne hesabu ngumu kwa pamoja bila kupumzika. Pembeni mwa skrini alifungua kidirisha kidogo chenye tarakimu za joto. Zilipanda kutoka arobaini na kitu, zikapita sitini, zikapita themanini, zikaanza kuchezacheza kwenye tisini na mbili. Feni zilinguruma mpaka vikombe vikalia kabatini.

"Tisini na mbili," Sista alisema. "Sisi mgonjwa akifika arobaini na moja tulikuwa tunamwita daktari."

"Mama, hii si nyama. Kikomo chake ni mia. Ikifika hapo inajipunguza mwendo yenyewe, au inajizima."

"Kwa hiyo umeihangaisha siku nzima iende kasi, na ikienda kasi itapata joto, na ikipata joto itapunguza kasi."

Mkwe akasema tatizo ni hewa ya chumba, na kwamba ikipatikana feni kubwa ya nje, yote yatakaa sawa. Ndipo walipoichukua feni ya kusimama ya chumbani kwa Sista. Hawakumwomba. Aliikuta sebuleni, shingo imeinamishwa, inapuliza ndani ya ubavu wa kompyuta uliokuwa wazi. Mkwe aliipiga picha skrini, akaituma kwa wale wenzake na maneno kwamba mashine ya baba mkwe wake inakwenda gigahezi nne na nusu na haitikisiki. Majibu ya pongezi yalimiminika kwenye simu yake mpaka wakati wa kula.

Toka siku hiyo nyumba haikuwa na utulivu. Karani akikaa kucheza, mashine huvuma kama kinu cha kusaga. Mtu akizungumza sebuleni inabidi apaze sauti, na Karani, ambaye hata kabla ya hapo hakuwa msikivu, sasa alikuwa na kisingizio. Alishindwa haraka zaidi kuliko zamani. Mchezo uliokuwa ukimchukua asubuhi nzima sasa ulikwisha kabla chai haijapoa. Sista alimwambia shemeji yake kwenye simu kwamba nyumbani kwao kuna mzee amenunua fimbo, akamwajiri mtu aichonge vizuri, na sasa anachapwa nayo kwa raha zake.

Halafu ikaja siku ya joto kali. Sista alikuwa ametoka kumsalimia mgonjwa, ametembea juani, nguo zimemganda mgongoni. Aliingia sebuleni akamkuta mumewe amekaa na fulana, jasho linamtiririka kutoka kwenye upara mpaka kwenye kidevu, anajipepea kwa gazeti. Na feni ipo palepale, hatua moja kutoka alipo, imempa mgongo, inaipepea mashine.

Alisimama akaitazama picha hiyo kwa muda. Kisha akachomoa waya wa feni, akaikumbatia shingoni, akaiburuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Alijilaza. Upepo ulipomfikia alifumba macho. Kule sebuleni feni ndogo za mashine zilipandisha sauti, kisha zikapandisha tena, zikawa kama mbu aliyenaswa kwenye chupa. "Ungua," Sista alisema kwa upole, akalala.

Aliamshwa na mlango. Karani alikuwa amesimama pale na fulana iliyolowa, mikono inaning'inia, mdomo wazi. Kwa mazoea ya kazi Sista aliutazama kwanza upande wa kushoto wa uso wake kama umelegea kwa kiharusi. Haukuwa umelegea.

"Nimemfunga," Karani alisema.

"Nani?"

"Mashine. Mfalme wake hana pa kwenda. Njoo uone, maana ukisubiri itazimika."

Alikwenda kuona. Sataranji hakuijua zaidi ya kumtofautisha farasi na ngome, lakini aliona mfalme mweusi amebanwa kwenye kona, na maandishi ya kumpongeza mchezaji, na mumewe anayanyooshea kidole. Aliona pia kile kidirisha cha pembeni. Tarakimu zilikuwa nyekundu: tisini na nane. Hakuzipa maana yoyote. Alimwambia mumewe hongera, na aliisema kwa dhati, maana hata yeye alikuwa amechoka kuuliza swali lile lile kila asubuhi.

Mtu asiyewahi kushinda hajui ushindi unaishia wapi. Karani alimpigia simu binti yake, akampigia mdogo wake, akawapigia watu aliofanya nao kazi ambao wengine walihitaji kukumbushwa yeye ni nani. Alikwenda duka la kuchapisha, akachapishiwa mchezo wote hatua kwa hatua, akaiwekea karatasi ngozi ya plastiki, akaitundika sebuleni karibu na picha ya binti yao ya kuhitimu. Maneno asiyokuwa nayo miaka yote sasa yalimjia yote kwa pamoja. Aliueleza mchezo ule kwa muuza maziwa. Aliueleza kwa mtu aliyekuja kusoma mita. Sista akiunguza kitunguu, Karani husema kutoka sebuleni kwamba kupika nako ni kama sataranji, lazima uone mbele.

Mkwe alikuja Jumamosi akiwa na furaha, akamshika baba mkwe mikono miwili. Kisha akakaa mbele ya mashine, akaupitia mchezo tangu mwanzo, na Sista, aliyekuwa akichambua mboga kwenye kiti cha mlangoni, aliiona furaha ikimtoka usoni kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Karani alipokwenda kuoga mkwe aliiwasha ile programu ya kutesa, akaichomoa feni ya kusimama ambayo Karani alikuwa amekwisha kuirudisha sebuleni, akangoja. Kisha akainuka, akaja mlangoni, akachuchumaa mbele ya bakuli la mboga.

"Mama, siku ile baba aliposhinda, feni ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa chumbani kwangu, inapepea binadamu."

Mkwe alijisugua uso. Alisema kwa sauti ndogo kwamba bila feni ile joto linapita kiasi, na kwa mwendo aliouweka yeye, kiini cha tatu kinaanza kukosea hesabu. Hakizimi mashine, kinakosea tu kimya kimya. Katikati ya mchezo ule mashine ilimsogeza malkia wake na kumweka mdomoni mwa kitunda cha Karani, kete ndogo kuliko zote, bure kabisa, kitu ambacho haijawahi kukifanya na isingekifanya ikiwa na akili zake.

"Ilikuwa na homa," Sista alisema.

"Unaweza kusema hivyo."

"Ilikuwa inaweweseka."

"Mama, tafadhali usimwambie baba."

Kwa kitambo kidogo Sista alikaribia kumpenda. Kumbe hakuwa amemaliza. Mkwe aliendelea kusema kwamba picha ile alikwisha kuituma kwenye kikundi, kwamba aliwaambia wenzake haitikisiki, na kwamba baba akijua atawaambia watu, na habari zitafika, na yeye ndiye anayewapa wengine masomo ya kudhibiti joto. Sista aliacha kuchambua mboga. Alimtazama kijana huyu aliyechuchumaa mbele yake na shati lake lililonyooka, akawaza kwamba hata siri nzuri ikipita mikononi mwake inatoka imechafuka.

"Irudishe ilivyokuwa ilipotoka kiwandani," alimwambia.

Aliahidi. Hakuirudisha. Aliipunguza kidogo, akaichezea volti, akafuta ile dawa ya kijivu na kupaka upya, safari hii kwa kiasi kinachostahili, akaongeza feni nyingine mbili mgongoni. Kiini cha tatu kikatulia, malkia hakutolewa tena bure, na Karani akarudi kushindwa kila siku. Hakusumbuka. Alisema mashine imekasirika. Alikuwa na ushahidi wake ukutani, na kama karani wa mahakama alijua kwamba kilichokwisha kuandikwa kimeandikwa.

Sista akakaa na neno lile. Lilikuwa neno tamu, limeiva, liko ncha ya ulimi, na kila Karani alipofungua kinywa kumfundisha jambo, neno lilisogea mbele. Alilimeza wakati wa kitunguu. Alilimeza Karani alipomwambia binti yao kwamba yeye angepata elimu zaidi pengine asingekuwa karani. Alijishangaa mwenyewe. Wodini alikuwa na sifa ya kumwambia mtu ukweli kabla hajauliza.

Siku iliyomshinda ilikuwa siku ya Mpima. Huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mkimya, aliyekuwa akija mahakamani zamani kutoa ushahidi wa mipaka ya viwanja, na Karani alimwalika mahususi aje aione ile karatasi. Mpima aliisoma akiwa amesimama, mikono nyuma. Karani alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Alizungumza, akazungumza, akaeleza jinsi alivyoona mbele, jinsi alivyoivuta mashine kwenye mtego. Sista alileta chai. Karani, akiwa ametekwa na sauti yake, alipokea kikombe na kumwambia mgeni, "Huyu unayemwona hapa hata kuizima kompyuta hajui. Unaishi na mtu miaka yote, unapata ushindi kama huu, huna wa kuzungumza naye."

Sista aliliweka sinia chini.

"Ulishinda kwa sababu mashine ilikuwa mgonjwa," alisema. "Mimi niliondoa feni, ikapata joto, kichwa chake kimoja kikaharibika, ikakupa malkia bure. Mkwe wako anajua. Muulize. Amekuficha kwa sababu anawaogopa wenzake wa kwenye simu. Ukishaelewa hilo, unywe chai."

Hakupaza sauti. Hakuhitaji. Hata mashine siku hiyo ilikuwa imezimwa kwa heshima ya mgeni, na katika ule ukimya maneno yalitua moja moja.

Karani aliutazama ukuta, si karatasi, ukuta wenyewe. Uso wake ulirudi kuwa ule wa zamani, uso wa mtu anayeandika yasemwayo na wengine, na Sista alipouona aliona vilevile alichokifanya. Mgonjwa hakuwa ameomba kuambiwa. Na hata kama angeomba, hakuna muuguzi anayemwambia mtu hali yake mbele ya wageni.

Mpima ndiye aliyesema. Aliisogelea karatasi, akafuata mistari kwa kidole. "Hapa ndipo ilipompoteza malkia. Kweli, ni bure." Kidole kiliendelea kushuka. "Lakini baada ya hapo imecheza vizuri. Imecheza vizuri sana. Mimi ninayo kama hii nyumbani. Nimewahi kuiondolea malkia wake mwenyewe kabla mchezo haujaanza, na bado ikanifunga." Aligeuka akamtazama Karani. "Una ubao wa kawaida? Wa mbao?"

Karani alisema upo, labda, juu ya kabati.

Walicheza mpaka chai ikapoa. Mpima alishinda. Wakapanga tena, Mpima akashinda tena, lakini safari hii alivua koti kwanza. Sista alisikia yote kutoka jikoni, ambako alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi wala hana chombo cha kufuta. Hakuna aliyeshangilia kule sebuleni. Kulikuwa na mgongano mdogo wa mbao, na mara moja moja mtu akiguna.

Mgeni alipoondoka Karani alikuja jikoni, akakaa kwenye kiti kifupi ambacho hakuwa na kawaida ya kukikalia.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu mkwe aliponieleza. Jumamosi ile ile."

"Na ukakaa nalo."

"Nilikaa nalo."

Karani alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta pa kumsogeza farasi. "Hujawahi kukaa na neno muda wote huo," alisema. "Sijui kama umewahi kukaa nalo hata siku mbili."

Sista alitaka kumwambia amsamehe. Neno lenyewe alilijua, wagonjwa walikuwa wakimwambia yeye kila siku, lakini kinywa chake hakikuwa na mazoea nalo. Alimuuliza kama anataka chai nyingine. Karani alisema anataka, na alipoinywa alisema Mpima ana tabia ya kukimbilia kuwatoa farasi wake mapema, na kwamba mara ya tatu atamngojea hapo. Sista alimuuliza kwa nini kuwatoa farasi mapema ni vibaya. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza la sataranji tangu waoane, ukiacha lile la kila asubuhi. Maelezo yalikuwa marefu mno na nusu yake hakuyaelewa, na alifikiri hivyo waziwazi usoni, lakini aliyasikiliza.

Mkwe alipokuja Jumamosi alikuta hukumu imekwisha kutolewa. Karani alimwambia aichukue mashine, na tofali lake la kupozea, na feni zake zote nne, akafanye nayo anachotaka. Mkwe aliomba radhi kwa maneno mengi, mengi yakihusu volti. Alisema habari ya malkia aliyetolewa bure imewafikia wenzake, kwamba mmoja alimtaka aoneshe matokeo ya ile programu ya kutesa akiwa hana feni ya nje, na sasa wanamwita Bwana Malkia. Sista, ambaye alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, aligundua kwamba wengine wamekwisha kumtangulia, na kwa mbali sana, kama mtu anayesikia redio ya jirani, alimhurumia. Kisha mkwe akasema kwamba kosa lote lilikuwa hewa ya sebule hii, na huruma hiyo ikakatika.

Alimfungulia mlango. Alimtazama akiibeba mashine kifuani mpaka kwenye gari, ubavu wake bado wazi, nyaya zinaning'inia kama matumbo. Ule ubavu wa bati wenyewe alikuwa ameusahau pale ukutani, na Sista hakumwita.

Wiki haikupita, binti akapiga simu. Alisema kwao sasa hakulaliki, sebule nzima inavuma, na mume wake ameichukua feni ya chumbani.

"Mume ni wako," Sista alimwambia. "Mimi wangu ametoka, amekwenda kushindwa kwa Mpima."